Ule Msalaba Mdogo Katika Daftari la Kinubi

Papa wangu,

Ni miye, binti yako mwenye mdomo. Najitaja mapema kwa sababu nakujua: hata ulipokuwa hapa, ukiletewa barua ndefu ulikuwa unaruka kwanza hadi jina la chini, ujue nani anakusumbua, ndipo unarudi juu. Basi keti. Nina neno moja la kukuambia na limechelewa miaka mingi. Ningelitupa hapa hapa, lakini nakusikia: "Ngojako, ngojako. Weye uko na haraka ya wapi?" Haya, nitapita njia yote.

Ile mandolini ilikuwa ya babu. Aliachiwa na msimamizi mmoja Mwitaliano wa karakana ya reli siku alipofunga mizigo kurudi kwao, na babu akakuachia wewe. Tumbo limevimba kama nusu ya boga, nyuzi nane zimepangwa mbili mbili. Wenzako wote wa karakana walipiga gitaa. Mji huu mzima ulipiga gitaa! Wakikuona unakuja na kile kidude chako walikuwa wanakutania: "Eh, gitaa yako ilikosa maziwa ya mama?" Nawe unajibu bila kukunja uso: "Iko mudogo, lakini ilikwisha ota meno."

Halafu akaja mtawa mzee kutoka Irlande, kule Ulaya, yule aliyesimamia shule ya kushona ya misheni. Ulikuwa unamtengenezea madirisha siku za Jumamosi. Ujanani kwao alipiga kinubi, na kinubi kile hakuweza kuja nacho Kongo, kwa hiyo nyimbo zake za zamani alikuwa anaziandika katika daftari, moja moja, asije akazisahau. Ukamkuta siku moja ameinamia ukurasa, ukamuuliza vile vidudu vyeusi ni nini. Akakufundisha mistari na noti, Jumamosi kwa Jumamosi, huku misumari ikikungoja. Do, re, mi ulikuwa unazijua tangu kwaya ya shule. Kulikuwa kumebaki kukufundisha zile alama ndogo ndogo zinazokaa juu na pembeni ya noti, ndipo akaugua. Wakamrudisha kwao. Siku ya kuondoka alikupa daftari. "Chukua," alikuambia. "Hapa ni wewe tu uliyeuliza."

Majina ya nyimbo yalikuwa katika lugha ya kwao, hata padri hakuweza kuyatamka. Ukayabatiza upya. Mmoja ukauita Njia ya Kipushi kwa sababu unapanda na kushuka kama barabara yetu ya kwenda mji ule wa jirani. Mwingine, Bukari Imeiva, ule ugali wetu, kwa sababu unaharakisha mwishoni kama watu wanaosikia mwiko umepigwa pembeni ya sufuria. Na ule wa polepole, niliokuwa naupenda kuliko yote, ukauita Mama Anaota Moto. Miye nilidhani ni majina ya kweli. Nilidhani huko Irlande kuna njia ya Kipushi.

Nilikuwa na miaka minane uliponiita kwenye kile kiti kifupi cha nyuma ya nyumba. "Kuya hapa, sikiya." Papa, hukuwa umesikia kinubi hata siku moja katika maisha yako. Kinubi ulichokijua ni cha Daudi katika Zaburi, na picha yake ilikuwa ile ya ukutani kanisani, ambayo wewe ulisema inafanana na mlango uliokosa mbao. Lakini uliweka daftari juu ya magoti ukazichunguza zile alama ambazo hakuna aliyekufundisha.

Ya kwanza ilikuwa kamstari kalikopinda, kanaanza kwenye noti halafu kanaishia hewani. Uliikazia macho siku tatu. Siku ya nne ukasema: "Huu mukia hauende fasi, hauende popote. Haukamate noti ingine. Basi na sauti isiende fasi, ibakie." Ukaanza kutafuta njia ya kuibakiza. Mandolini, tunaijua, sauti yake inakufa haraka. Wengine wanatetemesha kidole ili isife. Nilipojaribu kufanya hivyo ulinishika mkono: "Mbona unaitetemesha? Iko na baridi?" Wewe ulizitawanya noti, kila moja kwenye uzi wake, kisha kidole ukakiacha pale pale kimesimama wakati kingine kinaendelea mbele, ile ya nyuma iendelee kulia juu ya ile ya mbele. Vidole viliniuma mpaka nikalia. "Usifunge mulango," ulikuwa unasema. "Bengine banakuya nyuma." Wengine bado wako njiani.

Alama ya pili ilikuwa msalaba mdogo ndani ya duara. Hiyo hukuchukua hata dakika. "Eh! Uyu ma sœur alikuwa anasali mu katikati ya wimbo." Ukashangaa, ukampenda zaidi. Na kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa utaratibu, ukasema muntu hawezi kusali mu makelele. Kwa hiyo kila ulipofika kwenye msalaba uliweka kiganja chote juu ya nyuzi, zikanyamaza kabisa, ukachora msalaba kifuani kwa kidole gumba, kisha ukaendelea. Ndivyo ulivyonifundisha. Miaka yote ile nilijua kwamba nyimbo za kinubi zina vituo vya sala, kama rozari.

Nikuambie ukweli, nilikuwa nakuogopa ukipiga vile. Si kuogopa kiboko. Sauti ilikuwa inajaa uwanja, noti zinapandiana, moja haijaondoka nyingine imefika, nami nachungulia lile tundu la mandolini nione ni watu wangapi wamo ndani. Mama alikuwa anaacha kuchekecha unga. Halafu kiganja chako kinashuka, na ukimya ule ulikuwa unanisimamisha nywele. Nilishangaa hivyo nikiwa na miaka minane, nikashangaa nikiwa na kumi. Baadaye nikaenda shule kubwa, nikaanza kujua mambo.

Sasa tumefika pale ambapo wewe na miye hatukuwahi kurudi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, namaliza masomo ya ualimu, chaki imeshanikaa mikononi. Parokia ilikuwa inajiandaa kwa sikukuu, na maestro wa kwaya, ambaye alikuwa amesomea muziki kweli kweli na hakutuacha tusahau, akakuomba upige wimbo mmoja wakati wa matoleo. Ukaja mazoezini na shati la pasi. Ukapiga Mama Anaota Moto. Ulipoweka kiganja na kujichora msalaba, maestro akainua mkono. Akachukua daftari, akavaa miwani.

"Papa, hii haiko musalaba. Hii njo coda. Maana yake: ruka, enda ku mwisho."

"Kuruka?"

"Kuruka."

Ukahesabu kwa kidole, taratibu. "Mais maestro, ku ukurasa moja tu iko saba. Nitaruka mara saba? Nitatua wapi?"

Kwaya ikacheka. Walikuwa wanacheka pamoja na wewe, Papa, sasa ndiyo naona hivyo. Lakini maestro hakupenda. Akasema aliyeandika alikosea, tutachukua ya kwanza na ya mwisho, zile za katikati ni uchafu tu. Tena akasema unaacha nyuzi zinalia ovyo, mandolini hupigwa safi, noti moja ikiisha ndiyo nyingine inaanza. Wewe ukasema hapana kwa upole. Akasema ndiyo. Ukasema hapana tena. Watu wote wakanigeukia miye, binti aliyesoma. Nikaona aibu, na aibu ya msichana wa miaka kumi na tisa ina wembe ndani. Nikasema:

"Maestro, umusamehe. Papa hayue kusoma."

Hujui kusoma, nilisema, mbele ya kwaya nzima. Mbele ya Mama, aliyekuwa amekaa na wanawake wa sauti ya pili.

Uliangalia viganja vyako, ukanipa mandolini mikononi. "Bon," ulisema. "Benye kuyua, bacheze." Wenye kujua ndio wapige.

Siku ya sikukuu nilicheza miye. Nilicheza safi, nikaruka kama maestro alivyoagiza, na wimbo wa ukurasa mzima ukaisha kabla padri hajakaa vizuri kwenye kiti chake. Watu walipiga makofi. Na wewe ulipiga.

Tangu siku ile hukuniita tena kwenye kile kiti. Ulikuwa unapiga peke yako, kule nyuma kwenye mahindi, bado kwa namna yako, bado na misalaba yako yote saba. Nikikaribia unanyamaza, unaniuliza habari za wanafunzi. Nikajiambia: amekasirika. Kisha nikajiambia: akikasirika akasirike, ukweli ni ukweli. Kichwa changu unakijua, nimekitoa wapi kama si kwako! Nikaolewa, nikaenda kufundisha Kipushi, nikawa nakuja likizo na zawadi za sukari na sabuni, na kila likizo nilikuwa nasema hii ndiyo nitamwomba msamaha. Likizo zikaisha kabla sijaomba. Miaka sita sasa tangu tukuzike. Mandolini na daftari vilikuja kwangu kwa sababu hakuna mwingine aliyevitaka.

Sasa sikiya, Papa.

Kiangazi hiki, redio ilitangaza kwamba mama mmoja kutoka Irlande atapiga kinubi katika ukumbi mmoja pale mjini katikati. Nilikuwa nakosha vyombo. Nilisimama na sahani mkononi mpaka maji yakanilowesha miguu. Siku ilipofika nilivaa vizuri, nikafunga daftari lako katika kipande cha kitenge, nikapanda gari kutoka Kipushi. Haja yangu ilikuwa ndogo: nilitaka tu anisomee majina ya kweli ya zile nyimbo.

Aliingia amebeba kinubi mgongoni kama mama na mtoto. Na kweli, Papa, ni mlango uliokosa mbao! Akakaa, akakiegemeza begani, akagusa.

Yesu Maria. Sikujua niangalie wapi. Noti zilikuwa zinapandiana, moja haijaondoka nyingine imefika, ukumbi umejaa, watu wanageuza shingo kutafuta zinatoka wapi, na miye peke yangu katika umati ule nilikuwa naijua sauti ile. Nilikuwa nimeisikia nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Annexe, nikibambua karanga. Mwili wote ulinisisimka. Halafu yule mama akashusha viganja viwili juu ya nyuzi, pa! Kimya. Watu wakaacha kupumua. Nami nikajikuta kidole gumba kimeshafika kifuani, nimejichora msalaba katikati ya ukumbi, jirani yangu ananitazama kama nimeona pepo.

Alipomaliza nilipanga foleni. Alikuwa anasema Kifaransa chenye kokoto, lakini tulielewana. Nilipofungua daftari alifunika mdomo. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa polepole, anaimba chini chini, macho yanang'aa. Majina nilisahau kabisa kumwuliza. Niliweka kidole juu ya msalaba wa kwanza.

"Hii ni coda?"

"Coda?" Alicheka. "Hapana! Coda inafanana, lakini hii ni ya kinubi." Akanyoosha mikono, akalaza viganja juu ya nyuzi. "Ni hivi. Funika, zinyamaze."

"Na huu mkia?"

"Acha ziendelee kulia."

Papa! Alinisogezea kiti chake mwenyewe. Akaniuliza nani alikuwa anazipiga nyimbo hizi, nikamwambia baba yangu, kwenye mandolini. Akakunja uso. Mandolini italiaje hivyo? Akaniomba niilete kesho yake asubuhi.

Nilirudi Kipushi nikiiogopa kesho. Kwa sababu vidole vyangu unavijua: miaka yote hii vimepiga safi, alivyotaka maestro, noti moja ikiisha ndiyo nyingine inaanza. Nikipiga vile, huyu mama atasikia mandolini ya kawaida ya mtu wa kawaida, atatabasamu kwa adabu, na wewe utabaki vile vile nilivyokuacha mbele ya kwaya. Hakuna mwingine duniani aliyejua sauti yako. Ilikuwa imebaki kwenye vidole vyangu tu, na vidole vyenyewe nilikuwa nimeviharibu kwa makusudi.

Asubuhi ile nilianza Mama Anaota Moto mbele yake. Vibaya! Noti zilikuwa zinadondoka kama punje za mahindi kwenye saruji, kila moja na upweke wake. Nikasimama. Nikamwambia: "Nisamehe. Hii ni yangu. Siyo yake." Nikaanza upya, nikakataza vidole kuondoka. Viliniuma kama nina miaka minane. Mstari wa kwanza ulikwama, wa pili ukakwama nusu, wa tatu ukafunguka, Papa! Ulifunguka chumba kikajaa, na nikasikia kwa masikio yangu watu wako wote wakiingia mlangoni. Nilipofika kwenye msalaba niliweka kiganja, nikajichora, nikaendelea. Yote saba. Sikuruka hata mmoja.

Yule mama akauliza kidole gumba kile ni cha nini. Nikamwambia yote, madirisha, Jumamosi, mtawa aliyeugua kabla ya kufundisha alama, na jinsi ulivyofikiri kwamba alikuwa anasali. Lile neno langu la mazoezini sikumwambia. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli hukusikia kinubi kamwe, hata redioni. Nikamwambia kamwe. Akalivuta daftari, akauangalia ukurasa ule muda mrefu, kisha akasema, si kwangu hata, ni kama anajisemea:

"Il a tout lu."

Alisoma yote. Mtu asiyejua chochote kuhusu sisi, Papa, alichagua neno lile lile. Nililia mpaka yule mama wa watu akadhani amenitukana.

Nilipita kwa maestro. Yuko hai, amezeeka, anaota jua mbele ya nyumba yake. Nikamweleza kila kitu pole pole, karibu na sikio linalosikia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Coda njo coda," akaomba maji. Nikamletea. Sitaki tena ugomvi na mtu juu ya kujua.

Kisha nikaenda Annexe kwa Mama. Alikuwa anachagua maharage. Nilimsimulia nimesimama, kwa mikono, nikingoja apige vigelegele. Hakupiga. Alichagua maharage matatu, manne, akayatupa.

"Unawaza papa yako alikukasirikia?"

"Sasa alinyamaza juu ya nini? Hakuniita tena."

"Alikuamini."

Nikasema, "Nini?"

"Alikuamini, mwanangu. Siku ile ile, mu njia ya kurudia, aliniambia: ule mutoto alisoma masomo mingi, miye nilisoma ku madirisha. Kama anasema siyue, njo siyue. Sitamufundisha tena, nisimupe makosa, kesho atayapeleka ku batoto ya bantu."

"Mais aliendelea kupiga vile vile!"

"Nilimuuliza. Alisema: kama iko makosa, ikuwe ya miye peke yangu. Iko muzuri sana, siwezi kuiacha."

Papa, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yako. Nilikuwa hata nimeizoea. Kumbe hapakuwa na hasira. Ulikaa kule kwenye mahindi miaka yote ile ukinificha kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia, ili kisiniharibu, kwa sababu nilisema neno moja nawe ukaliamini kuliko masikio yako. Na ulikufa ukiwa bado unaliamini. Nashindwa hata kusema ni huzuni au ni mshangao. Ulikuwa mtu wa namna gani wewe?

Basi lile neno ndilo hili, nimefika. Nimelisema kwa sauti kaburini kwako jana, na sasa naliandika, ili kama huko mnasoma, ulisome mwenyewe, kwa kuwa unajua kusoma.

Haikuwa makosa, Papa. Hata moja kati ya saba.

Pumzika vizuri.

Mutoto yako wa kwanza